Ngoma Ikilia Sana Hupasuka

Katika Zone Industrielle ya Bujumbura siku huanza kwa sauti za mashine. Malori yatokayo bandarini hunguruma mbele ya maghala, chupa hugongana katika kiwanda cha Brarudi, na katika karakana nyundo hugonga mabati kabla jua halijapanda juu ya vilima vya mashariki. Mtu mwenye sikio la muziki akisimama kando ya barabara kwa robo saa tu, ataanza kutikisa kichwa. Kelele ile ina mapigo yake: pigo zito linalorudi, vipigo vidogo vinavyofuatana katikati, na mara moja moja mlio mkali ambao haukutazamiwa. Si ajabu vijana wapendao magitaa ya umeme wakivutiwa na mahali kama hapo, ambapo Jumapili mashine zinyamazapo hapana jirani wa kulalamika.

Na uchukuliwe mfano wa vijana watano, wengine wa Buyenzi na wengine wa Ngagara, ambao mlinzi huwafungulia ghala tupu wapate kufanya mazoezi. Majina yao hayatajwi, kwa kuwa mfano wao ni wa wengi. Wana magitaa mawili, gitaa la besi la kuazima, seti ya ngoma za kizungu yenye toazi moja lililopasuka, na ngoma moja ya mti iliyowambwa ngozi ya ng'ombe. Wametunga wimbo wa roki juu ya baba aliyefanya kazi ya zamu ya usiku kwa miaka ishirini, na watoto waliomjua zaidi kwa mgongo wake alipokuwa akitoka mlangoni.

Wimbo huo huanza kwa ngoma ya mti peke yake, polepole. Gitaa la kwanza huingia kama mtu abishaye hodi. Ufikapo ubeti wa tatu, mapigo huongezeka kasi kidogo bila mtu kuamuru, na mwimbaji, ambaye ni mtoto wa baba huyo, sauti humkwama kwenye neno moja. Kila waumalizapo, hupita kitambo kidogo cha kimya kabla mtu hajasema neno. Walinzi wa maghala ya jirani huja kusimama mlangoni.

Mama wa mwimbaji, muuza ndagala sokoni, aliusikia wimbo huo mara moja tu. Zamu yake ya upatu ilipofika, fedha alizokuwa amezikusudia kwa bati la jikoni alimpa mwanawe ili wimbo ukarekodiwe studio. Baada ya majuma mawili kijana akarudi na wimbo katika simu. Mama akausikiliza mpaka mwisho, akaomba uanzishwe tena, kisha akauliza kwa upole:

"Mwanangu, wimbo ni mzuri. Lakini huyu anayeimba ni nani?"

"Ni mimi, mama."

"Basi wamekufanya nini?"

Swali hilo la mama lastahili kujibiwa kwa makini, maana jikoni bado panavuja, na fedha za upatu hazirudi mara mbili kwa mwaka.

YALIYOTENDEKA STUDIO

Hapana mtu aliyewatendea vijana hao ubaya. Fundi mitambo alifanya kila alilolijua kuwa zuri, na kila hatua aliyoichukua ilikuwa na sababu yake. Ubaya ulikuwa katika jumla ya hatua hizo.

Hatua ya kwanza, aliwatenganisha. Kila mmoja alipiga sehemu yake peke yake, akiwa amevaa visikizi, akifuata metronomu, yaani chombo kinachohesabu mapigo bila kuongeza wala kupunguza. Njia hii ina faida kubwa: aliyekosea hurudia peke yake bila kuwachosha wenzake, na sauti ya chombo kimoja haiingii katika kipaza sauti cha kingine. Lakini ile kasi ya ubeti wa tatu, iliyokuwa ikizaliwa wenyewe kwa wenyewe kwa kutazamana machoni, haikupata nafasi. Metronomu haina macho.

Hatua ya pili, aliisafisha sauti ya mwimbaji. Wimbo uliimbwa mara kumi na mbili, na kompyuta ikachukua mstari huu kutoka mara ya nne, na ule kutoka mara ya tisa, ukaunganishwa ubeti ambao hakuna binadamu aliyewahi kuuimba kwa pumzi moja. Noti zilizoteleza zilisogezwa mahali pake. Neno lile lililokuwa likimkwama kooni likanyooshwa kama nguo iliyopigwa pasi. Hapo ndipo mama alipompoteza mwanawe.

Hatua ya tatu, alijaza nafasi tupu. Ngoma ya mti ilionekana kuwa na mvumo usiotabirika, ikabadilishwa kwa mlio wa ngoma uliohifadhiwa katika kompyuta, mlio ule ule kila pigo. Mahali palipokuwa na kimya pakatiwa vinanda vya kompyuta. Mwangwi wa asili wa ghala, ambao ulikuwa ndiyo nyumba ya wimbo, haukuwapo. Ukatengenezwa mwangwi mwingine, mkubwa kama wa kanisa, ukamwagwa juu ya vyote.

Hatua ya nne, alizibana sauti. Hili ni jambo la kitaalamu ambalo kila mzazi mwenye mtoto mwanamuziki yafaa alielewe. Mtambo wa kubana sauti hushusha milio mikubwa, kisha jumla yote hupandishwa, hata mnong'ono na ukelele hukaribia kuwa na ukubwa mmoja. Ukitumika kwa kiasi, humsaidia mwimbaji asimezwe na magitaa. Ukitumika kupita kiasi, ni sawa na mtu anayechukua vilima vya Mumirwa akavisawazisha na uwanda wa Imbo. Barabara itakuwa rahisi, lakini hapatakuwa tena na mahali pa kupanda wala pa kutazama. Wimbo wa vijana ulioanza polepole ukapanda, ukawa mkubwa tangu mwanzo, kwa hiyo ubeti wa tatu haukuwa na pa kwenda.

Wahenga walisema kwamba ngoma ikilia sana hupasuka. Walisema hayo kabla ya mitambo ya umeme, lakini mafundi wa studio wangeweza kuyaandika ukutani.

MALI GHAFI NA KIWANDA

Eneo la viwanda ni mahali pafaapo kulitafakari jambo hili. Kila kiwanda hupokea mali ghafi na kutoa bidhaa. Kahawa ya Burundi huondoka nchini kwa sehemu kubwa ikiwa buni ambayo haijakaangwa, ikakaangwa na kufungwa ng'ambo, ikauzwa ikiwa na jina jingine kwenye pakiti. Anayekaanga anaweza kuikuza harufu ya buni, na anaweza kuiunguza mpaka mnywaji asijue kama imetoka Kayanza au mahali pengine popote. Studio nayo ni kiwanda cha namna hiyo. Na nchi ya Burundi ina kisa chake yenyewe katika historia ya muziki wa roki, kisa kinachoonyesha pande zote mbili za jambo.

Ngoma za Burundi zilikuwa ngoma za ufalme. Katika Kirundi neno ingoma lina maana ya ngoma na pia lina maana ya utawala, na zilipigwa mbele ya mwami, hasa katika sherehe ya umuganuro, wakati wa kubariki mbegu za mtama. Huchongwa kutoka mti uitwao umuvugangoma, jina lenye maana ya mti uzungumzishao ngoma. Wapigaji husimama katika nusu duara. Ngoma moja, inkiranya, hukaa katikati na kuongoza. Zile ziitwazo amashakwe hushika mpigo usiokatika. Na ibishikizo hufuata yale ambayo inkiranya huyaamuru. Kiongozi hubadilika, wapigaji hupokezana ile ngoma ya kati, na kila ajaye huleta mwendo wake, mruko wake na utani wake. Ufalme ulikoma mwaka 1966, lakini ngoma hazikukoma. Mwaka 2014 UNESCO iliziingiza katika orodha yake ya urithi wa utamaduni wa dunia usioshikika kwa mkono.

Mwaka 1967 Mfaransa Michel Vuylsteke alizunguka nchini akinasa muziki wa Burundi, na santuri ikatolewa na Ocora, idara ya santuri ya redio ya Ufaransa, kwa jina la Musique du Burundi. Humo mna kundi kubwa la wapiga ngoma likisikika lilivyokuwa. Kazi ya fundi ilikuwa kuweka kipaza sauti mahali pafaapo na kunyamaza.

Mwaka 1971 mpangaji muziki wa Ufaransa, Michel Bernholc, aliyejiita Mike Steïphenson, alizichukua sauti za ngoma hizo akaongeza juu yake piano na magitaa ya umeme. Santuri hiyo ndogo, Burundi Black, ilitoka kwa jina la Burundi Steiphenson Black, ikauzika, ikafika nafasi ya 31 katika orodha ya Uingereza. Wengi barani Ulaya walizisikia ngoma za Burundi kwa mara ya kwanza kwa njia hiyo, na jambo hilo lisibezwe. Hata hivyo, anayezisikiliza santuri zote mbili, moja baada ya nyingine, hawezi kukosa kuona kilichopotea. Katika ile ya kwanza, ngoma ndizo zinazozungumza: moja inauliza, nyingine zinajibu, na msikilizaji hungoja kwa hamu jibu litakalofuata. Katika ile ya pili, piano iingiapo na kurudia maneno yake, sikio huhamia kwenye piano, na ngoma hugeuka zulia la kukanyagwa. Inkiranya haiwezi kumwamuru mpiga piano, maana yeye aliketi studio miaka minne baadaye. Mwaka 1981 santuri hiyo ikachanganywa upya kwa ajili ya kumbi za disko, zulia likapata zulia jingine juu yake.

Katika miaka hiyo hiyo walitokea wengine waliotumia mali ghafi ile kwa namna nyingine. Mwaka 1975 mwimbaji Joni Mitchell alitunga The Jungle Line juu ya ngoma za Burundi zilizonaswa uwanjani. Aliongeza vitu vichache tu: sauti yake, gitaa, na kinanda cha umeme cha Moog chenye mlio wa kukwaruza. Ngoma aliziacha mbele. Hakujaribu kuzifunika, aliimba kana kwamba amesimama katikati yake, na mpaka leo wimbo huo humshtua anayeusikia mara ya kwanza.

Mwishoni mwa mwaka 1979 meneja Malcolm McLaren alimpa Adam Ant, mwimbaji wa London, kanda yenye muziki wa namna mbalimbali, ngoma za Burundi zikiwamo. Adam alipata bahati mbaya ya kunyang'anywa wapigaji wake na meneja huyo huyo, ambao wakaunda kundi la Bow Wow Wow na kuchukua mapigo ya namna ile ile. Adam akaanza upya. Badala ya kukata kipande cha santuri ya wengine, kundi lake jipya liliweka wapiga ngoma wawili jukwaani, wakajifunza kupokezana. Mtayarishaji wao, Chris Hughes, alikuwa mmoja wa wapiga ngoma hao wawili. Yaani aliyeketi mbele ya mitambo ndiye aliyekuwa ameshika vijiti. Alba yao, Kings of the Wild Frontier, ilitoka mwaka 1980, na mwaka uliofuata ikashika nafasi ya kwanza Uingereza.

Watu wa Burundi wanaweza kuuliza, na wana haki kuuliza, ni kiasi gani cha mapato hayo kilichorudi kwenye vilima ambako miti ya ngoma hukatwa. Mcheza kwao hutunzwa, lakini hapa mchezaji alibaki kwao na tuzo likabaki ng'ambo. Jibu la kisanaa lilitolewa na wapigaji wenyewe. Mwaka 1982 wapiga ngoma wa Burundi walipanda jukwaani katika tamasha la kwanza la WOMAD, mjini Shepton Mallet, Uingereza, pamoja na wanamuziki wa roki. Baadaye walirekodiwa na studio ya Real World wakipiga wote pamoja, bila piano wala zulia. Wazungu waliodhani wanalijua pigo la Burundi kutokana na redio walitambua kwamba walikuwa wamesikia kivuli chake.

WENGINE WALIOPATWA

Msiba wa vijana wa ghala umewapata hata wakubwa wa dunia. Mwaka 1969 kundi la The Beatles liliurekodi The Long and Winding Road kwa piano na vyombo vichache. Mwaka 1970 mtayarishaji Phil Spector aliongeza okestra na kwaya bila ridhaa ya Paul McCartney aliyeutunga. McCartney alikasirika kiasi kwamba jambo hilo lilikuwa miongoni mwa sababu alizozipeleka mahakamani alipoomba ushirika wao uvunjwe. Wimbo ulishika nafasi ya kwanza Marekani, lakini mtunzi hakuridhika. Mwaka 2003 likatolewa toleo lisilo na okestra wala kwaya. Hapa pana funzo: kuuzika kwa santuri hakulijibu swali la mama. Wimbo unaweza kufika juu ya orodha na mwenyewe asiutambue.

Mwaka 2008 kundi la Metallica lilitoa alba ya Death Magnetic. Wapenzi wake wengi walilalamika kwamba sauti zilikuwa zimebanwa mno hata zikakwaruza. Ikawa ajabu zaidi walipogundua kwamba nyimbo zile zile, zilizowekwa katika mchezo wa kompyuta uitwao Guitar Hero, zilisikika zikiwa na nafasi ya kupumua. Vijana walioununua mchezo walikuwa na rekodi bora kuliko walionunua alba.

Karibu zaidi na nyumbani, ng'ambo ya kusini ya Ziwa Tanganyika, Zambia ilikuwa na kizazi kizima cha vijana wa roki katika miaka ya 1970. Kundi la Amanaz lilitoa alba ya Africa mwaka 1975, na alba hiyo inajulikana kwa michanganyo miwili: mmoja mkavu, na mwingine uliotiwa mwangwi mwingi. Nyimbo ni zile zile, wapigaji ni wale wale. Anayesikiliza mchanganyo mkavu huwa chumbani pamoja na wapigaji. Anayesikiliza wa mwangwi huwasikia kama kutoka bondeni. Wako wapendao huu na wako wapendao ule, na kila upande una hoja. Lakini hapana mfano bora wa kumwonyesha kijana kwamba mkono wa fundi ni sehemu ya utunzi, na kwamba yafaa awepo unapotumika.

Tanzania nayo ilikuwa na somo lake. Tangu miaka ya 1960 hadi ya 1980 bendi za dansi zilirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam zikipiga kwa pamoja, vipaza sauti vikiwa vichache na kanda ikizunguka. Aliyekosea aliwarudisha wenzake wote mwanzo, kwa hiyo walifika wakiwa wamejua kazi yao. Rekodi hizo hazina usafi wa leo. Zina watu ndani yake.

STUDIO SI ADUI

Haifai msomaji ahitimishe kwamba mitambo ni uchawi, na kwamba wimbo bora ni ule usiokanyaga studio. Burundi yenyewe ina ushahidi wa kinyume chake. Upo uimbaji wa inanga ya mnong'ono, ambapo mwimbaji huketi na inanga, kinanda cha nyuzi kilichochongwa kama bakuli refu, akanong'ona maneno huku nyuzi zikimtolea sauti ya wimbo. Katika uwanja wenye watu mia moja, walioketi nyuma hawasikii kitu. Kipaza sauti kizuri kilichowekwa karibu huwapa maelfu nafasi ambayo zamani ilikuwa ya wageni watatu au wanne waliokaa kando ya moto. Hapo mtambo umeongeza bila kubadilisha.

Tofauti iko katika swali ambalo fundi huanza nalo. Fundi mmoja hujiuliza: wimbo huu umepungukiwa na nini ili ufanane na ule unaopigwa redioni? Fundi wa pili hujiuliza: ni jambo gani katika wimbo huu ambalo likiondolewa hapatabaki wimbo? Wa kwanza atapata kazi ya kuongeza mpaka usiku wa manane. Wa pili ataongeza machache, na mengine atayalinda.

KABLA YA KUFUNGUA MKOBA

Kwa kuwa fedha za studio mara nyingi hutoka nyumbani, yafaa wazazi na vijana wazungumze mapema. Mambo yafuatayo hayagharimu kitu.

Kwanza, wimbo urekodiwe kwa simu ghalani au chumbani, ukipigwa wote kwa pamoja kama kawaida. Rekodi hiyo ya ovyo ihifadhiwe, maana ndiyo kipimo. Kila kitakachotengenezwa studio kitalinganishwa nayo. Kama rekodi ya simu inasisimua kuliko ya studio, kazi haijaisha.

Pili, kundi likae chini liandike katika karatasi mahali ambapo wasikilizaji hunyamaza au hushtuka. Vijana wa mfano wangeandika mambo matatu: mvumo wa ngoma ya mti, kasi ya ubeti wa tatu, na neno linalokwama. Karatasi hiyo apewe fundi kabla ya kuwasha mitambo, kwa adabu, kama vile mama amwambiavyo fundi cherehani kwamba kitambaa hiki kisikatwe hapa.

Tatu, ni afadhali wimbo mmoja uliorekodiwa kwa utulivu kuliko nyimbo sita zilizokimbizwa kwa siku moja. Ikiwezekana, ngoma, besi na gitaa la kwanza vipigwe kwa pamoja katika chumba kimoja, na sauti ya mwimbaji ifuate. Kama fundi ana haja ya metronomu, yawezekana kuipangia kasi ibadilike mahali panapobadilika; kompyuta za leo zinaweza kufanya hivyo, ila lazima ziambiwe.

Nne, wimbo usikubaliwe usiku ule ule uliomalizika. Masikio huchoka kama miguu, na sikio lililochoka hupenda kelele. Usikilizwe kesho yake, kwa sauti ndogo, katika redio ndogo ya jikoni, na mtu ambaye hakuwapo studio. Mama mwenye kazi zake ni hakimu mzuri: akiacha kuchagua mchele, wimbo umepita.

Tano, ukubwa wa sauti usiwe shabaha. Vijana wengi huogopa kwamba wimbo wao utasikika mdogo ukifuatana na wa wengine. Huduma kubwa za muziki katika intaneti siku hizi husawazisha zenyewe, zikaushusha wimbo uliobanwa sana hadi kufikia kimo cha mwenzake. Aliyeharibu wimbo wake ili uwe mkubwa hupoteza vilima bila kupata ukubwa.

Sita, kijana aondoke studio na nakala ya sauti ghafi, kila chombo peke yake, kabla ya kuchanganywa. Mchanganyo mbaya unaweza kurekebishwa mwaka ujao kama sauti ghafi zipo. Zikipotea, limebaki zulia tu. Pamoja na nakala hizo, yawepo maandishi mafupi yanayotaja nani ametunga, nani amepiga, na mapato yatagawanywaje. Burundi ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 2005 na ina ofisi ya kuisimamia, lakini sheria haimjui mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote. Kisa cha Burundi Black kinatosha kuwa onyo.

MARA YA PILI

Vijana wa mfano hawakuwa na fedha nyingine. Walichokuwa nacho ni rekodi ya simu ya ghalani, na fundi yule yule, ambaye alikuwa mtu mwungwana. Walimwomba aisikilize rekodi hiyo, akaisikiliza akiwa ameshika shavu. Ilipofika ubeti wa tatu akauliza kwa nini hawakumwambia. Wakasema hawakujua kwamba jambo hilo lilikuwa la kusemwa. Walidhani studio ndiyo inayojua.

Jumapili iliyofuata fundi alibeba vipaza sauti vinne na kompyuta yake mpaka ghalani. Wakapiga mara tatu, wakachagua ya pili. Toazi lililopasuka linasikika humo. Kuna mahali lori moja linasikika likipita mbali, na fundi alitaka kulifuta, kisha akaliacha, kwa kuwa lilipita palepale panapotajwa baba akitoka usiku.

Mama aliusikiliza akiwa amesimama, sinia ya ndagala ikiwa bado mkononi. Hakuuliza anayeimba ni nani. Aliitua sinia, akakaa, akamwambia mwanawe auanzishe tena.